Siku Kumi na Tisa

Waziri aliishi chumba chetu cha juu, Middlesbrough,
shilingi kumi na mbili kwa wiki, makaa mbali.
"Waziri wa nini?" Mama alimuuliza siku ya kwanza,
mikono ingali na unga.
"Wa Ujenzi wa Umma, bibi. Kwa siku kumi na tisa."
Mama alicheka hadi akakaa kwenye ngazi.
"Hata jibini yangu hudumu zaidi!"

Naye akacheka, masharubu yakipanda na kushuka,
Don Leandro Urquieta, mtoto wa muuza dawa,
wakili, mbunge mara sita, mliberali
wa zama ambazo neno hilo lilivaliwa pamoja na kofia.

Alikuja na meli ya mawe ya chuma kutoka Bilbao
mwaka wa thelathini na saba, mabomu yakiwa nyuma yake.
Mawe yenyewe yalichimbwa jimboni kwake.
"Nimesafiri na wapiga kura wangu," alisema,
akikung'uta suruali kwenye kizingiti.
Lile vumbi jekundu halikutoka mishononi, miaka yote.

Jikoni alihutubia kwa kusimama.
Paka alikuwa kambi ya upinzani.
Tulisikia mswada wa mishahara ya walimu
uliolala kwenye saraka mpaka panya wakaupitisha;
tulisikia jinsi mfalme alivyompa mkono wa baridi,
jinsi makasisi walivyomwita mpagani
na wachimba migodi wakamwita kibaraka,
"na bibi, wote walikuwa na hoja kidogo."
Halafu jenerali mmoja akafunga bunge kama duka la jumapili,
na yeye akarudi kuandika wosia za watu, kwa ujira wa mayai.
Cheo, alisema, ni nguo ya kuazima:
unaanza kuipenda, mwenyewe anabisha hodi.

Jambo moja hakulihutubia. Alilisema akiwa ameketi.

Uchaguzi wake wa kwanza, akiwa na miaka ishirini na tisa,
alishinda kwa kura za makaburini.
Tajiri wa bonde alipanga kila kitu;
marehemu walijipanga foleni kwa majina yao kamili,
wakampigia kijana wa muuza dawa, wakarudi kulala.
"Nilijua?" Akakoroga chai isiyo na sukari.
"Nilijua kama mtu anavyojua kuwa paa linavuja
wakati mvua hainyeshi."

Julai ya arobaini na tano, vita Ulaya vimekwisha,
Mama alivaa koti lake zuri kwenda kupiga kura.
Alimsindikiza, ingawa yeye, mgeni, hakuwa na kura.
Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikawafuata.
Shule ileile nilikojifunza kugawanya,
penseli imefungwa kwa uzi, sanduku jeusi la bati,
askari mmoja anapiga miayo.
Don Leandro alibaki nje ya lango, kofia mkononi,
manyunyu yakimlowesha upara,
akihesabu watu wanaotoka. Kwa sauti. Kwa Kihispania.
Mwashi. Mwuguzi. Bwana Hesketh na mguu wake mmoja.
Nilimwomba avae kofia. Hakunisikia.
"Wanapumua," aliniambia. "Tazama, wote wanapumua."

Alifariki Februari ile ya theluji, ya arobaini na saba,
mabomba yameganda, makaa hayapatikani.
Mama alimfunika na mapazia ya sebuleni.

Mkoba wa uwaziri, wa ngozi, kufuli limevunjika,
ulinifikia mimi kwa kuwa hapakuwa na mwingine.
Nilitarajia medali. Kulikuwa na karatasi,
majina mia mbili na kumi na mawili kwa mwandiko wa kiwakili,
na mbele ya kila jina, kilichomuua:
mgodi, kifua, mgodi, homa, umri, mgodi.
Kwengine aliandika tu: sikumbuki, naomba radhi.

Karatasi zilikuwa adimu wakati wa vita.
Nyuma ya ukurasa wa mwisho, mwandiko wa Mama:
kabeji, sabuni, mshumaa mmoja,
na chini yake, ukipigiwa mstari mara mbili,
chumba cha juu — amelipa.